Ng'ombe wa Mahari na Haya ya Mkwe

Vijana wangu mnaoingia kazi ya mifugo, kabla ya yote kateni kucha. Naanza hapo kwa sababu najua chuoni mmeanza na michoro na majina marefu ya viungo, na hakuna aliyewatajia kucha. Mkono wako utaingia ndani ya ng'ombe wa mtu hadi begani. Ukucha mmoja tu wenye ncha, umeshamjeruhi. Vueni saa, vueni pete, na sabuni bebeni ya kwenu, maana si kila boma lina sabuni, na ile ya kuomba huletwa kwa manung'uniko.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe bila dume. Watu waliita kudunga sindano, ingawa haikuwa sindano bali mrija mwembamba wenye mbegu ya fahali wa gredi, wa damu ya kizungu, ambaye ng'ombe wetu hatamwona maisha yake yote. Niliianza miaka ya sitini, nikaiacha ile ya themanini ikielekea ukingoni. Siku hizi nakaa Kaloleni hapa Voi, lakini miaka yangu mingi ilikuwa upande wa Taveta, kwenye barabara za Mahoo na Njukini. Mimi ni Mdawida, yaani Mtaita wa milimani. Serikali ilinipa gari, koti la kaki na buti za mpira, nami kila asubuhi nilipita njia ile ile. Aliyekuwa na ng'ombe aliye tayari alimpeleka krashi, kile kijizizi chembamba cha magogo kando ya barabara kinachombana ng'ombe asigeuke. Watoto waliniita Dume la Serikali. Walikimbia nyuma ya gari wakiliimba jina hilo, na wazazi wao waliwakemea huku wameficha vicheko kwenye kanga.

Mlioniomba niwaandikie mlitaka mafunzo, nami ningependa kuandika sifa zangu. Bahati mbaya nikikaa kukumbuka, kinachonijia mbele ni aibu. Kazi yetu ina aibu nyingi, na hakuna kitabu kinachozifundisha.

Chukueni siku ile pale Mahoo, kwa mama mmoja mwenye duka. Nilikuwa bado mgeni kazini. Ng'ombe wake alikuwa mkubwa na mvivu, na krashi yake haikuwa na gogo la chini. Mkono wangu ukiwa ndani, ng'ombe akaamua kulala. Alilala taratibu, nami nikamfuata chini, nikapiga magoti kwenye kinyesi, sikio langu limegusa mkia. Kutoka nikashindwa, kwa sababu alikuwa ameubana mkono, na kumpiga nikaogopa asije akauvunja. Yule mama akanitazama kwa huruma, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai. Akaniuliza, "Baba, wewe wanywa na sukari?" Nikamjibu ndiyo, vijiko viwili. Ningesema nini?

Aliyenifundisha alikuwa Mkamba mmoja, Mzee Muthiani, mtu mfupi mwenye mikono laini kuliko ya mkunga. Alikuwa na usemi wake: ng'ombe hadanganyi, mwenye ng'ombe ndiye hudanganya. Mtu atakuapia kwamba ng'ombe wake ameanza joto asubuhi hii hii, kumbe tangu jana alikuwa akilia na kurukiwa na wenzake, na yeye bwana alikuwa sokoni. Mzee Muthiani hakubishana na mtu. Alizunguka nyuma ya ng'ombe akatazama mahali mkia unapoanzia. Nywele zikiwa zimesuguliwa na kusimama, amerukiwa sana. Ute ukiwa bado unang'aa na kuvutika, uko kwenye wakati. Ute ukishakauka mkiani ukawa kama gundi ya kale, umechelewa, funga sanduku lako uende. "Mbegu ni mgeni," alizoea kuniambia. "Akifika mapema atangoja kidogo. Akifika wamekwisha kula, atalala njaa."

Shikeni na kanuni hii, ninyi mnaopenda mashine na simu: aliyeonwa asubuhi hupandishwa jioni, aliyeonwa jioni hupandishwa asubuhi. Ukikosa, ngoja wiki tatu arudie. Hiyo haikubadilika hata vyombo vilipobadilika. Nilipoanza, mbegu zilikuja kwa treni kutoka bara zikiwa kwenye chupa na barafu, na treni ya Taveta ikichelewa Voi, tulipokea chupa ya maji ya uvuguvugu isiyo na uhai. Baadaye ikaja ile mitungi mikubwa inayotoa moshi wa baridi, mbegu ikakaa humo miezi. Tukadhani sasa taabu zetu zimekwisha. Kumbe kilichokuwa kikituangusha mara nyingi hakikuwa mbegu wala barafu.

Kilikuwa haya.

Ninyi mmekulia wakati mwingine, kwa hiyo itabidi niwaeleze. Kwa watu wetu wa siku zile, mume wa mtu na mama mkwe wake walikuwa wakiheshimiana hadi kuogopana. Hamkupeana mkono. Mkikutana njiani, mmoja alipita vichakani. Hukula mbele yake, naye hakula mbele yako. Na maneno ya kuzaa, ya mimba, ya mume na mke, hata yawe ya kuku, hayakutajwa mkiwa pamoja. Sasa fikirini mtu ambaye kazi yake yote ni maneno hayo, halafu mama mkwe wake ana ng'ombe.

Mke wangu Elina ni wa Njukini. Nilipomwoa nilikuwa na mshahara wa serikali na kiburi cha serikali. Katika mahari nikapeleka mtamba wa gredi, mweusi mwenye madoa meupe, nilimchagua mwenyewe kwa jicho la mtaalamu. Mama mkwe alikuwa mjane. Alimwita yule mtamba Maua, akamlisha kwa mkono, akampa maji ya mfereji asubuhi na jioni. Maua alizaa mara moja kwa dume la jirani, akatoa maziwa yaliyoshangaza watu. Mama mkwe akanunua kuku, akanunua mashine ya kukata majani, ile yenye gurudumu kubwa la chuma na visu viwili unayozungusha kwa mpini. Hakukuwa na nyingine Njukini nzima kwa mama mwenye ng'ombe mmoja.

Kisha Maua akakataa kushika. Nilimpandisha mimi mwenyewe, akarudia. Nikampandisha tena, akarudia. Maziwa yakapungua, yakakauka. Na kwangu nyumbani vilevile, Elina na mimi tulikuwa tumeshakaa miaka bila mtoto. Watu wa mipakani ndimi zao hazikai bure. Wakaviunga viwili vikawa kimoja: ng'ombe wa mahari hashiki, na binti aliyetolewa mahari hashiki. Wengine wakasema mkono wangu una baridi. Wengi wakasema ni Elina. Mwanamke ndiye husemwa kwanza, mnajua.

Elina alikuwa akirudi sokoni na kapu bila kunieleza neno. Nami sikumwuliza. Tulikuwa watu wawili wenye adabu nyingi mno ndani ya nyumba ndogo.

Shemeji yangu Daudi, ndugu yake Elina, alikuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka, mtu wa haraka. Akanijia ofisini akasimama mlangoni.

"Shemeji, huyo ng'ombe anakula tu. Mimi nimeongea na buchari wa Voi. Hii round asiposhika, naenda kumpakia lori."

"Na mama atakunywa nini?" nikamwuliza.

"Saa hii anakunywa nini? Chai ya rangi." Akatazama chini kidogo. "Na hayo maneno ya watu, shemeji. Hata wewe unayasikia. Ng'ombe akitoka, labda na maneno yatatoka."

Nilijua ng'ombe akitoka maneno hayatatoka. Maua akichinjwa kwa utasa, basi lile la Elina lingekuwa limeshakatiwa hukumu hadharani, na ushahidi umening'inizwa buchari.

Na mimi nilijua Maua ana tatizo gani. Alikuwa mzima kabisa. Tatizo lilikuwa njia ya habari. Mama mkwe akimwona Maua amepata joto, hangeweza kunitumia mimi mkwe wake ujumbe wa namna hiyo. Basi alimwambia jirani yake kwa mafumbo. Jirani akamwambia mumewe akirudi kondeni. Mume akamwambia mwenye duka kesho yake. Mwenye duka akanisimamisha barabarani na kunikonyeza, "Kule ukweni kuna mgeni." Nilipofika, ute ulikuwa umekauka. Nikampandisha hivyo hivyo, kwa kuwa kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka yale maneno. Mzee Muthiani angeniona angenichapa kofi. Nilikuwa nikimimina mbegu ya serikali kwenye mchanga kwa ajili ya heshima.

Sasa nije kwenye siku ya watoto.

Shule ya pale ilikuwa na mwalimu aitwaye Zainabu, wa familia ya Kiislamu ya Voi, mama mwenye asili ya pwani na Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa akifundisha watoto wa madarasa ya chini habari za wanyama na vyombo vya shambani, na kwa kuwa hakupenda kufundisha ng'ombe kwa chaki, akaomba awalete kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe alikubali kwa furaha, akafagia uwanja hadi ukang'aa. Afisa wa kilimo ndiye aliyekuwa aje kuwaeleza. Hakutokea. Nikatokea mimi, kwa sababu mwenye duka alikuwa amenikonyeza tena.

Nilikuta watoto wameketi chini mbele ya zizi, magoti yamebanana. Mama mkwe aliponiona alijifunika kanga kichwani, akasogea kwenye mashine yake ya majani, akanipa mgongo. Nami nikapita kwa mbali nikitazama migomba. Mambo yalikuwa sawa mpaka hapo.

"Alhamdulillahi, bwana mifugo mwenyewe," akasema Mwalimu Zainabu. "Haya watoto, tulieni mumsikize. Baba, tafadhali, tuelezee ng'ombe."

Nilijaribu kutoroka. Nilisema nina haraka. Alinitazama kama wanavyotazama walimu, nikavua kofia.

Nilianza na pembe. Nikaja kwato. Nikaeleza anavyotafuna alichokwisha kumeza, watoto wakasema "Aaah!" na mmoja akajaribu. Wakati wote huo Maua alikuwa akilia, kile kilio kirefu, huku akipiga mkia. Mtoto wa kike aliyeng'oka meno ya mbele akanyoosha mkono.

"Mbona analia?"

"Ana joto," nikasema, na papo hapo nikatamani ardhi ipasuke.

"Si mumpe maji?"

Wenzake wakaafiki kwamba apewe maji. Mwalimu Zainabu, Mungu ambariki, hakuwa mtu wa kuwadanganya watoto. Akasema, "La, si joto la jua. Baba atawaeleza. Hao ni watoto wa wafugaji, si haramu kujua."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ng'ombe akitaka kupata ndama..." na nyuma yangu mashine ikaanza. Krrr, krrr, krrr! Mama mkwe alikuwa ameshika mpini na anazungusha gurudumu kwa nguvu zote, majani yanaruka. Watoto wakasahau ng'ombe, wakageukia visu wakipiga makofi. Mwalimu akadhani ni sehemu ya somo, akawaeleza gurudumu, mpini, visu, na kwamba mtu haweki vidole pale hata mashine ikiwa imesimama. Alieleza vizuri kuliko afisa yeyote. Nikashukuru, nikavaa kofia.

"Sasa tuendelee na ndama," akasema.

Nikasema, "Basi yule ng'ombe..." Krrr, krrr! Nikanyamaza, nayo ikanyamaza. Nikatamka neno, nayo ikaanza. Ndipo nikaelewa. Mama mkwe alikuwa akituokoa sisi sote wawili. Neno lisilosikika halijasemwa. Alikuwa tayari kukata majani ya mwezi mzima ili mimi nifundishe nisivunje heshima, na yeye asisikie asivunjike.

Nilisimama pale jasho likinitiririka. Watoto walikuwa wananitazama. Maua alikuwa analia. Nikauona mkia wake: ute mkavu, kama kawaida. Siku ile nayo ilikuwa imepotea. Daudi angeleta lori. Na yule mama angebaki na mashine ya kukatia majani na hana wa kumpa majani hayo.

Hapo nikafanya jambo ambalo watu wetu hulifanya tangu zamani, mtu akiwa na neno kwa asiyeweza kuambiwa: humwambia mwingine kwa sauti. Nikawageukia watoto lakini nikapaza sauti kama mhubiri wa sokoni.

"Watoto! Huyu ng'ombe si tasa!"

Krrr, krrr!

"Ng'ombe huyu ni mzima! Akilia alfajiri, mimi niambiwe asubuhi hiyo hiyo nikipita barabarani, nitarudi jioni nimpandishe, na atashika! Lakini mwenye ng'ombe akiona haya kusema, habari ikazunguka kwa jirani na kwa mwenye duka, mimi nafika wakati umeshapita. Nafanya kazi bure. Kosa si la ng'ombe! Kosa si la mkono! Ni haya!"

Majani yalikuwa yamekwisha mashineni. Gurudumu lilizunguka tupu, kwa sauti nyembamba, likapunguza mwendo, likasimama. Sikugeuka. Kisha yule mtoto asiye na meno, aliyekuwa amenisikiliza kwa makini kuliko wote, akainua mkono tena.

"Na wewe una watoto wangapi?"

Mwalimu Zainabu akafyonza hewa. "We mtoto!"

"Bado," nikasema. "Mungu hajaleta."

Akafikiri. Alikuwa anafikiri kwa haki, kwa kufuata nilichomfundisha. "Nawe pia uliona haya kusema?"

Watoto wengine wakacheka, si kwa ubaya, watoto hucheka. Mimi niliinama nikachukua sanduku langu. Nimewahi kupiga magoti kwenye kinyesi mbele ya yule mama wa Mahoo, na jioni yake nilikuwa nikicheka. Siku ile sikucheka. Nilimwambia mwalimu kwamba leo ng'ombe hapandishwi, angojewe wiki tatu, nikapita kwenye migomba bila kuaga. Niliendesha gari hadi kwenye mfereji mkubwa, nikasimama, nikanawa mikono ambayo sikuwa nimeichafua.

Nyumbani sikumweleza Elina chochote. Aliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo.

Daudi alikuja na lori kweli, juma lililofuata. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mama yake alisimama mlangoni pa zizi na panga la kukatia matete, hakulinyanyua, alilishika tu, akamwambia, "Mpaka wiki tatu." Daudi akaondoka na lori tupu.

Kisha ikafika asubuhi moja. Kwenye krashi ya njia ya Njukini palikuwa na wanaume kadhaa na ng'ombe wao, kama siku zote, na maneno yao ya kiume kama siku zote. Nilipokata kona niliona wote wamenyamaza. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama katikati yao ameshika kamba ya Maua. Kanga ilikuwa mabegani. Kichwa kilikuwa wazi.

Nilishuka, nikatazama matairi ya gari langu. Nilitegemea atamtuma mtu aseme. Wanaume wale nao walikuwa wakitafuta pa kuweka macho.

"Baba," akasema. Tangu nimwoe binti yake hakuwa amenisemesha ana kwa ana. "Ng'ombe ameanza joto alfajiri hii. Amemrukia ng'ombe wa jirani, na yule naye akamrukia, akatulia. Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe, sikuambiwa."

Mzee mmoja aliguna, akaondoka na ng'ombe wake asingoje huduma.

"Ni jioni, mama," nikasema kwa matairi. "Nitarudi jioni."

"Nitangoja hapa."

Alingoja. Nilipita njia zangu zote siku ile nikiwa sina akili, nusura nipandishe maksai wa mtu. Niliporudi, jua likiwa limeelekea mlimani, alikuwa ameketi kwenye jiwe anamkatia Maua majani kwa kisu kidogo. Hakukuwa na mtu mwingine. Mnajua kazi hii inataka mtu wa kushika mkia. Nikatazama huku na huku. Mama mkwe akainuka, akaushika mkia wa Maua, akauvuta pembeni barabara kama mtu aliyezoea.

Nikafanya kazi yangu. Ute ulikuwa unang'aa. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa sababu mkono una akili zake. Nikamaliza, nikanawa. Nilidhani yamekwisha.

"Baba, nitazame."

Nilitazama kwato za Maua.

"Usitazame chini. Nimesimama hapa tangu asubuhi wanaume wakinicheka. Wewe ulinifundisha mbele ya watoto, nami nikasikia. Sasa nitazame mimi."

Nikamtazama. Alikuwa na macho ya Elina, na sikuwa nimewahi kuyajua.

"Binti yangu alikwenda hospitali Voi, akaonwa. Alikwenda peke yake. Walimwambia hana kitu. Ni miaka sasa. Hakukwambia, asikutie aibu. Watu wanamwita tasa sokoni naye anajua si yeye, ananyamaza. Huyu mtoto wangu analipa heshima yako. Nenda ukaonwe."

Nilitaka kusema neno la heshima, na la kiume, na la mtaalamu. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akafungua kamba, akamswaga Maua kwenda nyumbani.

Maua alishika, nisiwaweke roho juu. Alizaa jike. Daudi ndiye aliyekuja kunipa habari, akitabasamu kama vile lile lori halikuwa lake.

Nami nilikwenda Mombasa, mahali ambapo hakuna aliyenijua. Daktari alikuwa kijana, mpole, akaanza kunieleza kwa kuzunguka. Nikamwomba anipishe kwenye darubini yake. Akasita, nikamwambia kazi yangu. Nimetazama mbegu za madume mengi kupitia kioo kama kile, najua zilizo hai zinavyokwenda, zinavyosukumana. Nikainama nikatazama yangu. Hakukuwa na kilichokwenda.

Nilirudi kwa treni. Elina alikuwa anachambua maharagwe. Nikaketi kwenye kigoda mbele yake na kumweleza yote, kwa maneno yale yale ninayowaelezea wakulima, kwa kuwa mengine sikuwa nayo. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote ile, akaacha watu wamseme yeye.

"Niliogopa nikikwambia mimi," akasema, "utanionea haya maisha yako yote."

Namwonea haya mpaka leo.